Makayabu ya Uzima

Wasomaji wangu, mliniacha nimesimama sebuleni na samaki mfu mkononi. Kwa kusema kweli, ningefurahi kama mngenisahau hapo hapo. Lakini maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

Kwa ambaye hakuwa nasi: mimi ni Xavier, mkazi wa Bukavu, kule juu Muhungu. Tangu ONG yangu, ile asasi ya misaada iliyoniajiri, ifunge milango, sina kazi. Mke wangu Apolline ana farmasi, na ndiye anayelipa nyumba, chakula na masomo ya binti yetu Ornella, anayesoma na kulala kwa masista. Mimi nalipa kwa kukaa kimya.

Apolline hana ulevi wala makuu. Ana akwariamu moja sebuleni, ya maji ya chumvi, katika mji ambao ziwa lake halina chumvi hata ya kutia kwenye maharage. Ndani yake wanaishi anthias, samaki wadogo wa baharini, waliofika Kigali kwa ndege na kuvuka mto Ruzizi mpakani ndani ya mifuko ya plastiki. Walikuwa majike sita wa rangi ya chungwa na dume mmoja wa zambarau, mwenye uzi mrefu umesimama mgongoni. Huyo dume Apolline alimwita Mwami, yaani mfalme.

Apolline alikwenda Kinshasa kwa mafunzo, akaniachia samaki na sheria moja. Umeme ukikatika, betri ya sola ni ya pampu tu, kwa sababu pampu ikisimama, maji yanakosa hewa. Betri hiyo haiwezi kubeba pampu na televisheni pamoja.

Sheria hiyo niliilinda kwa ukali wa mtu asiye na kingine cha kulinda. Mama yangu mzazi, aliyekuja kutoka kijijini Nyantende kutibiwa goti, aliniomba siku moja achaji simu yake kwenye betri. Nikamkatalia.

"Mama, ile ni ya samaki."

Akarudisha simu mfukoni.

Kisha Léopards, timu yetu ya taifa, wakacheza, umeme ukakatika, nami nikachomoa pampu nikachomeka televisheni. Jirani yangu Papa Akonkwa alikuwa kando yangu, tunapiga kelele pamoja, naye hakujua nilichochomoa. Mpira ulipokwisha, Mwami alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga. Nikarudisha pampu haraka. Majike walipona, Mwami hakupona. Hapo ndipo tulipoachana.

Basi. Nilimfunga Mwami ndani ya kitambaa changu cheupe, nikatoka mlango wa nyuma hadi nyuma ya jikoni, mahali Mama alipopanda mateke, yale magimbi yetu. Nikachimba, nikamzika, nikasawazisha udongo kwa kiatu.

Kwa nini kitambaa? Sijui. Labda kwa sababu ya jina. Mtu akimuua mwami kwa ajili ya mpira, angalau amvishe sanda.

Niliporudi ndani, Mama alikuwa ametoka chumbani kwake na rozari shingoni.

"Xavier, hauna njaa?"

"Hapana, Mama."

"Sura yako iko sawa mutu mwenye kutoka matanga."

"Kichwa njo inaniuma."

Aliniangalia mikono. Nilikuwa nimeshainawa. Akasema atanichemshia chai, akaenda zake akivuta lile goti.

Kabla chai haijachemka, Apolline alipiga simu.

"Papa Ornella, samaki yangu inaendelea aje?"

"Iko muzuri yote."

"Na Mwami?"

"Mwami anakusalimia."

Nililisema hilo kwa mdomo huu huu ninaolia bugali. Upande wa pili Apolline alicheka, furaha tupu, akasema nimsalimie naye. Nilikata simu nikabaki naangalia ukuta.

Sasa lazima niwaambie habari ya makayabu, maana bila hiyo hamtaelewa jinsi nilivyoanguka.

Mama alipofika kutoka Nyantende na kuona akwariamu kwa mara ya kwanza, aliuliza ni samaki gani hawa wenye nguo za sikukuu. Apolline alimjibu kwa upole.

"Maman, hii ni samaki ya chumvi."

"Ya chumvi? Njo makayabu?"

Kwetu makayabu ni yule samaki aliyekaushwa na chumvi, mgumu kama ubao, ambaye unamloweka toka jana yake ndipo jino likubali. Mama aliizunguka akwariamu yote, mkono mdomoni.

"Yezu Maria! Nimezeeka bure, kumbe sijaona kitu. Makayabu ya uzima!"

Tulicheka mpaka Apolline akafuta machozi. Mama alipenda kuchekesha, basi akaibeba ile kauli hadi kwenye shirika, ile jumuiya ya majirani tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba. "Mukuye kwetu muone makayabu ya uzima," aliwaambia. "Siku moja nitaipika, nitawaita." Kila mtu wa shirika letu anaijua hiyo.

Lakini aliyewapenda samaki wale, baada ya Apolline, ni Mama huyo huyo. Anthias si samaki wa kula mara moja wakatulia. Wanataka chakula kidogo kidogo kutwa nzima, vidudu vya baharini vinavyotoka kwenye friji vimeganda. Mimi nilikuwa nachoka. Mama ndiye aliyekuwa anainuka na goti lake, anavunja kipande kwa ukucha, anawanyunyizia, anawaambia, "Mukule, bana bangu."

Alipotambua kwamba Mwami hayupo, aliuliza mara moja tu.

"Na ule mukubwa?"

"Anajifichaka nyuma ya mawe, Mama."

"Ah," alisema.

Siku zikapita, zikawa wiki. Nilianza kuona jambo la ajabu. Yule jike mkubwa kuliko wenzake, mwenye alama ndogo kwenye mkia, alianza ubabe. Akawa anawafukuza wenzake, anazunguka akwariamu kama mkuu wa kata siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa. Kisha rangi yake ya chungwa ikaanza kuiva, ikawa nyekundu, ikaelekea zambarau. Na mgongoni, uzi ukaanza kuota.

Nilifikicha macho. Nilizima taa nikawasha. Ni kweli, Mwami alikuwa anarudi.

Nilipiga magoti, wasomaji. Pale pale sebuleni, nikasali fungu zima la rozari. Nilijisemea kwamba Bikira Maria ameona fedheha yangu, akanitengenezea dume mwingine kutoka kwenye ubavu wa jike, Adamu na Hawa kinyumenyume. Nilitubu. Niliahidi sitaangalia mpira tena mwaka mzima. Nilipunguza, nikasema miezi sita.

Mama alinikuta kwenye magoti.

"Unaomba kazi?"

"Nashukuru, Mama."

"Ni muzuri. Mutu mwenye kushukuru anapataka."

Apolline alirudi Jumamosi asubuhi. Mchana wake ilikuwa zamu yetu kupokea shirika, kwa hiyo nyumba ilikuwa imefagiliwa, viti vya majirani vimeazimwa, na Mama alikuwa amekaanga sambaza, wale dagaa wa ziwa letu. Umeme haukuwepo tangu alfajiri, lakini pampu ilikuwa inaimba kwenye betri. Nilikuwa na amani kama mtu aliyelipa madeni yote.

Apolline alimkumbatia Mama, akanikumbatia mimi. Kisha akaenda kwenye akwariamu na begi bado begani. Aliinama. Alikaa hivyo muda ambao mtu anasema Baba Yetu.

"Papa Ornella."

"Ee?"

"Mwami alikufa lini?"

Nilicheka. Kilikuwa kicheko kikavu kabisa.

"Si ule pale?"

"Ule haiko Mwami. Ule ni jike, ule mwenye alama kwa mukia. Anageuka."

"Anageuka nini?"

"Dume. Hii samaki yote inazaliwaka majike. Dume akikosekana, jike mwenye kuwa mukubwa njo anachukua fasi yake. Lakini haiko kitu ya siku moja, inaomba mawiki. Huyu alianza zamani." Aligeuka akaniangalia. "Alikufa lini?"

Mnaona? Nilimshukuru Bikira kwa muujiza ambao mke wangu anausoma kama tarehe ya dawa kwenye boksi. Ule uzi uliokuwa unaota mgongoni mwa jike ulikuwa ushahidi, nami niliupigia magoti.

"Mi sijue," nilisema. "Siku moja nilikuta tu haiko."

"Na haukuniambia?"

"Niliogopa kukuharibia mafunzo."

"Uliniambia ananisalimia."

Nikaanza kupanga viti vilivyokwisha kupangwa.

"Na maiti yake?" aliuliza. "Samaki akikufa tunamuonaka. Haendi kujizika peke yake."

Niligeukia dirisha. "Sikuona maiti."

"Kifuniko iko juu, paka hatuna. Basi ni mukono wa mutu njo ulimutosha mu maji. Mu hii nyumba mulikuwa wangapi?"

Tulikuwa wawili. Alijua, nami nilijua. Nilikuwa bado natafuta mtu wa tatu wakati mlango ulipobishwa na sauti ya Maman Francine ikaingia kabla yake: "Kristu!" Shirika lilikuwa limefika.

Tulisali. Nini tulisali, sikumbuki. Baada ya baraka, Apolline alipitisha sambaza na juisi, na watu wakasogea kwenye akwariamu kama kawaida yao.

"Maman Apolline," alisema Maman Francine, anayeongoza shirika letu na kila habari ya mtaa, "na ule bwana wa zambarau ameenda wapi? Huyu ni mudogo."

Apolline aliwaeleza. Aliwaeleza vizuri, kama anavyoeleza watu dawa, jinsi wote wanavyozaliwa majike na jinsi mkubwa wao anavyogeuka pale dume anapokosekana.

Papa Akonkwa alipiga makofi.

"Kumbe! Papa Ornella, chunga! Tangu ukose kazi, Mama Ornella naye anaanza kuota rangi."

Nyumba nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, kwa meno. Apolline peke yake hakucheka. Alisema, "Papa Akonkwa, uache," na huruma hiyo iliniuma kuliko utani.

Lakini Papa Akonkwa alikuwa amepata moto.

"Hapana, lakini ule Mwami miye nilimuonaka! Alikuwa muzima kabisa, ile siku tulikuya hapa kuangalia—"

Nilianzisha wimbo wa Bikira Maria kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Katika shirika, wimbo ukianza huulizi kwa nini, unaitikia. Wote wakaitikia. Papa Akonkwa, aliye na sauti ya besi na majivuno nayo, alifumba macho akaimba ubeti wote. Apolline hakuimba. Alikuwa ananiangalia.

Wimbo ulipokwisha nilidhani nimevuka. Ndipo Maman Francine akapangusa mafuta ya sambaza vidoleni, akacheka peke yake.

"Miye najua kwenye Mwami ameenda. Si Maman wa Nyantende alituambia atapika makayabu ya uzima? Ametupika bila kutuita!"

Kicheko kilipasuka upya. Kisha kikapungua, mtu mmoja mmoja, kwa sababu Apolline alikuwa amemgeukia Mama.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, mguu umenyooshwa mbele, sahani tupu mapajani.

"Maman," Apolline alisema polepole, "ni kweli?"

Mama hakumwangalia yeye. Aliniangalia mimi.

Ilikuwa nafasi yangu, wasomaji. Nilihitaji maneno mawili tu: nilimuua mimi. Jirani zangu wangecheka, mke wangu angekasirika, mbingu isingeanguka. Nilifungua mdomo. Nami nilisema hivi:

"Labda Mama hakujua kama haiko samaki ya kula."

Naona haya kuandika sentensi hiyo kwenye gazeti linalofungiwa karanga. Sikumshitaki Mama, la. Nilifanya baya zaidi, nilimwombea msamaha kwa kosa langu mimi. Na nilitumia sauti ya upole, sauti ya mtoto mwema anayemvumilia mzazi wake mzee. Nilijisikia nikiwa mwema. Hicho ndicho kinachonikosesha usingizi.

Mama aliweka sahani chini.

"Ni vile," alisema. "Miye njo nilimukula."

Maman Francine aliacha kupangusa vidole.

"Nilimukuta amekufa, nikaona ni hasara kutupa. Nilimutia mu mafuta ya mawese." Aliwaza kidogo. "Alikuwa na chumvi mingi."

Mtu mmoja nyuma alikohoa kuficha kicheko. Nadhani ni Papa Akonkwa.

Apolline alikuwa na machozi machoni.

"Maman, kama ulikuwa na njaa mu nyumba yangu, si ungeniambia?"

Nikamwona Maman Francine anainamisha uso, na nilijua anachofanya: alikuwa anaipanga habari. Kesho mtaa wote ungesema kwamba mke wa Xavier anafuga samaki wa ndege na mama mkwe wake anashinda na njaa. Apolline naye alijua. Kwa mkupuo mmoja nilikuwa nimewavua nguo wanawake wangu wawili, nami nimekaa kati yao na shati langu la Jumapili.

Mama alilijua pia, na akalifunika haraka.

"Njaa hapana, mutoto wangu. Hapa ninakula mpaka naacha. Ilikuwa tu tamaa ya uzee. Mutu akizeeka, mudomo inarudi utoto." Aliwageukia wageni. "Municheke, ni haki yenu. Kisha muache."

Walicheka kidogo, kwa adabu, wakaanza kutafuta viatu vyao.

Walipokwisha kuondoka, Mama alisema anarudi Nyantende leo hii.

"Na goti, Maman?" aliuliza Apolline. "Kine, ile mazoezi ya goti, haijaisha. Munganga alisema ukiacha katikati, mguu utakauka."

"Itakaukia kwenye ilizaliwa."

"Maman, mi sikufukuze."

"Najua. Lakini mutu akiisha kuiba mu nyumba ya mutoto wake, hata ukimupa chumvi anaogopa kuigusa."

Apolline alikuwa na hasira, alikuwa na haya, na alikuwa anampenda. Vyote vilikuwa usoni mwake. Akanigeukia mimi.

"Papa Ornella, sema kitu."

Nilisema, "Nitamusindikiza."

Ndiyo. Hilo ndilo nililosema.

Mama alipokuwa anafunga mzigo, Apolline alichukua simu ya Mama iliyozimika.

"Lete nikuchajie kidogo, usitembee na simu yenye kufa."

Akaichomeka kwenye betri, kando ya pampu. Pampu haikutikisika. Samaki waliendelea kuogelea. Niliitazama ile simu inawaka, kitu kidogo ambacho betri haikusikia hata uzito wake, nikakumbuka, "Mama, ile ni ya samaki." Mama naye aliitazama.

Tulitoka. Kutoka kwetu hadi barabarani ni mpando wa mawe na udongo. Nilibeba mfuko wake, naye akaniegemea begani, akitanguliza goti zima, kisha lile bovu. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa inapanda mlima na mama yangu juu ya bega.

Katikati alisimama apumue.

"Mama," nilianza.

"Ngoja."

Aliingiza mkono ndani ya blauzi, akatoa kitu cheupe kilichokunjwa vizuri. Akanipa.

Kilikuwa kitambaa changu. Kimefuliwa, kimepigwa pasi. Pembeni kilikuwa na herufi ya jina langu kwa uzi wa bluu, ile aliyonishonea kwa mkono wake siku ya ndoa yangu.

"Nilikuwa napalilia mateke," alisema. "Jembe ikamutosha mu udongo."

Nilishusha mfuko chini.

"Tangu lini?"

"Kesho yake. Nilimurudisha mu udongo. Lakini kitambaa, nilisema hapana, hii nilishona na macho yangu ingali muzuri."

"Mama, kwa nini ulisema vile mbele ya watu?"

"Weye ulikuwa umeisha kusema. Ningesema nini tena? Kwamba mutoto wangu ni muongo?"

"Ungesema tu."

"Xavier." Alinishika kidevu, kama nilivyokuwa mdogo. "Uko na nyumba ingine? Mama Ornella akikufukuza, utalala wapi? Miye niko na Nyantende."

Nililia. Sitawaficha hilo, maana mengine nimewaficha ya kutosha. Nililia njiani mchana, na watu wanapita na madumu ya maji. Mama alisubiri nimalize, kisha akaniambia nifute uso kwa kitambaa, ndiyo kazi yake.

Nilitaka kumwambia, turudi. Turudi sasa hivi, niseme yote. Neno lilifika kwenye meno, likasimama hapo. Motard mmoja, dereva wa pikipiki, akatuona akashuka hadi kwetu.

"Mama, tunaenda?"

"Unipeleke Essence, nitapata gari ya Nyantende. Lakini polepole, niko na goti."

Nilimsaidia kupanda. Niliinua ule mguu kwa mikono miwili, nikauweka mahali pake. Nilifunga mfuko nyuma. Motard aliwasha moteri. Mama alitengeneza kitenge chake, akainama kidogo kwangu, kama mtu aliyekumbuka kuuliza bei ya kitu.

"Na ile mupira?"

"Mama?"

"Ile siku. Nilikuwa mu chumba, nasali. Umeme haikuwako, na nikasikia munapiga makelele weye na Papa Akonkwa. Niliwaza, televizio inakula nini?" Hakuwa na hasira hata kidogo. "Tulishinda?"

"Tulipigwa, Mama."

"Hm," alisema. "Pole."

Nilisikia kandambili nyuma yangu, zinapiga mawe kwa haraka. Nikageuka. Apolline alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwetu, pumzi juu juu, mkono umenyooshwa. Mkononi alikuwa na simu ya Mama.

"Maman, umesahau..."

Hakumaliza. Macho yake yalitoka kwa Mama, yakashuka kwenye kitambaa cheupe mkononi mwangu, chenye udongo wa zamani ambao sabuni haikuuweza pembeni. Kisha yakapanda usoni pangu, yakakaa hapo.

"Mupira gani, Papa Ornella?"

Motard alizima moteri.

Nilimwangalia Mama. Alikuwa amegeuza uso, anatazama barabara ya Nyantende, na safari hii hakufungua mdomo kunisaidia.